Miimo ya Nyumba ya Nakijwa

Mlango ulimfungukia mbuzi.

Namkunda alikuwa amepiga magoti barazani, patasi mkononi, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi, alipomwona beberu wa jirani akipanda ngazi kwa madaha. Beberu akausukuma mlango kwa paji la uso. Ukafunguka taratibu, bila kukwaruza, kama ulivyotengenezwa kufunguka. Akachungulia ndani, akaona hamna cha kutafuna, akageuka na kwenda zake. Mlango ukajirudishia nyuma yake.

"Umeona?" akauliza Mchome, seremala aliyekuwa akifanya naye kazi tangu nyumba yao ya kwanza.

"Nimeona."

"Basi tumkabidhi nyumba huyo. Angalau hana malalamiko."

Namkunda hakucheka. Aligonga ubao kwa kidole. "Mama, hebu jaribu tena. Vuta kidogo tu."

Upande wa ndani mpini ukatikisika. Ukatulia. Ukatikisika tena, safari hii kwa nguvu zaidi, lakini mlango ulikaa palepale kama uliopigiliwa misumari. Namkunda akausukuma kwa kidole kimoja, nao ukaenda. Bi Nakijwa alikuwa amesimama mbele yake, sweta limefungwa vifungo kombo, kamba ya kufungia majani ameizungusha kiunoni. Alipoinua mguu kuelekea kizingiti, sakafu ikatoa mlio mdogo kama wa mtu anayemeza mate, na mlango ukamponyoka Namkunda, ukajifunga.

"Kidole changu cha mguu!" akapiga kelele Mchome.

"Nani alikwambia uweke mguu hapo?"

"Si nilitaka kuuzuia! Mlango gani huu, unauma kama mbwa."

Kutoka ndani, Bi Nakijwa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imeisha: "Msijisumbue, wanangu. Si mlango. Ni mikono yangu imekufa. Zamani nilikuwa nabeba debe la maji kutoka bondeni na mtoto mgongoni. Sasa hata mlango unanishinda."

Namkunda aliweka patasi chini. Alikuwa ameshazipaka bawaba mafuta. Ameshapiga randa kingo za ubao, kwanza huu, kisha huu, kisha zote upya. Ameshaning'iniza timazi na kuona ukuta umenyooka. Kila alichokijua amekijaribu, na alikuwa amefikia mahali ambapo angefurahi kumtukana mtu, ila hakujua amtukane nani.

*

Tangu mwaka ule mlima ulipoporomoka, hakuna aliyejenga tena kwa matofali kwenye miteremko ya Mbaga. Tofali halijui kusogea. Ardhi ikihama kidogo, hupasuka. Badala yake watu walijenga kwa udongo hai: mfinyanzi, majani makavu yaliyokatwakatwa, na nyuzi za uyoga zilizooteshwa kwenye madumu. Nyuzi zilitambaa ndani ya udongo zikaushika, na mlima ulipotikisika zilikatika na kuungana tena zenyewe, na nyumba ikabaki imesimama.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Yaliyobaki mafundi waliyagundua kwa kujenga. Ukiukanda udongo huo, unazikata nyuzi zake maelfu kwa maelfu, na kila zinapoungana, zinafuata njia ya mkono uliozikata. Nyuzi zinaushika mkono. Mtu mwenye baridi ya mifupa akiukanda, ukuta wa kitandani kwake huweka joto hadi asubuhi. Kiwete akiukanda, sakafu hujikaza chini ya mguu wake mbovu. Mjini walikuwa na mashine za kukandia, na nyumba zao zilikuwa nzuri, zinaleta kivuli na kuzuia mvua, lakini hazikumjua mtu. Waliotaka nyumba inayowajua walipanda mlima kumtafuta Namkunda, ambaye hakusomea popote. Alianza na jiko lake mwenyewe, akalibomoa na kulijenga upya mpaka likaacha kumtilia moshi machoni.

Sharti lake lilikuwa moja. Mwenye nyumba aingie kwenye hodhi la udongo na mikono yake mwenyewe. Hatumi mtu.

Na Bi Nakijwa aliingia. Namkunda alikuwapo. Ndiyo maana hakuelewa. Miimo miwili ya mlango huu, nguzo za udongo zinazoubana ubao upepo ukija na kuulegeza mwenyeji akigusa, ilikandwa kwa mikono ileile ambayo sasa miimo ilikuwa inaikataa.

*

Jumamosi Sifueli alifika kutoka Morogoro, akiwa na mfuko wa mchele na betri mpya ya taa. Alikuwa mwanaume mpole, mwenye upara na miwani, mtoto pekee wa Bi Nakijwa. Yeye ndiye aliyeagiza nyumba. Alisikiliza maelezo ya Namkunda huku akivua viatu, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Yaani hawezi kutoka?"

"Hawezi."

"Hata kidogo?"

"Akiwa peke yake, hawezi. Na hata ukimfungulia, mlango unajifunga."

"Fundi," akasema Sifueli, "mimi sioni kasoro hapo."

Mchome alikohoa. Namkunda akamwangalia mteja wake akidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Unajua alikuwa anaenda wapi?" Sifueli akaendelea kwa sauti ya chini, kwa kuwa mama yake alikuwa jikoni. "Kila asubuhi anaamka, anafunga kamba kiunoni, anaenda kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe gani? Walifukiwa siku ile mlima uliposhuka. Boma lote limekwenda. Yeye anafuata njia ya zamani, na njia ya zamani siku hizi inaishia hewani. Mara ya mwisho wachuma chai walimkuta ukingoni, anaangalia chini, anaita majina. Siku mbili sikuweza kula. Halafu wewe unaniambia nyumba imejifunza kumzuia, na unaniomba radhi?"

"Sikuijenga imzuie."

"Basi imekuzidi akili. Iache."

Namkunda hakuwa mwepesi wa kuhukumu watu, na hapo alipokaa alijua kwamba, kama huyo angekuwa mama yake mwenyewe, huenda naye angefurahi. Chakula kikaletwa.

Walikula makande, wote wanne mezani. Katikati ya chakula Bi Nakijwa aliinua kichwa, akatazama dirishani, akaanza kusimama. Bila kukatisha mazungumzo yake na Mchome kuhusu bei ya mbao, Sifueli akamwekea mama yake mkono juu ya kifundo cha mkono. Akabonyeza mara mbili, akaushikilia.

"Kaa, mama."

Mama akakaa.

Kijiko cha Namkunda kilibaki hewani. Aliondoka mezani, akaenda mlangoni, akabandika shavu na kiganja kwenye mwimo wa kushoto.

"Mama," akaita, "njoo uvute."

Bi Nakijwa akaja, akavuta. Na ndani ya udongo, chini ya ngozi ya shavu lake, Namkunda akausikia. Mbonyezo. Mbonyezo. Kisha mshiko.

*

Sasa aliikumbuka siku ya kukanda. Kulikuwa na ukungu mzito na baridi ya kukata vidole. Bi Nakijwa alichoka upesi, kisha akawa anainuka kila baada ya muda, akidai ng'ombe hawajala. Sifueli, ambaye alipaswa kukaa pembeni tu, alikunja mikono ya shati, akachuchumaa nyuma ya mama yake, akamzungushia mikono na kuweka viganja vyake juu ya vya mama. Kila mama alipotaka kuinuka, Sifueli alimbonyeza mara mbili, akamshikilia. Mchome alikuwa amesema, kwa utani, "Tazama mtoto anavyombembeleza mama." Na Namkunda aliona. Aliona, akajiambia kwamba huo ni upendo, na udongo unakauka, na upendo ukiingia ukutani hauna madhara.

Nyumba haikukosea chochote. Ilifundishwa kwamba kuna mwili unaoinuka, na kwamba mwili huo unabonyezwa ukae.

Alimweleza Sifueli wakiwa barazani. Alitarajia atashtuka. Sifueli alisikiliza hadi mwisho, akafuta miwani yake.

"Kwa hiyo mlango ni mimi."

"Ni mkono wako."

"Basi niko naye hata nikiwa Morogoro." Macho yalikuwa yamemlowa. "Fundi, nilikuwa silali kule. Sasa nitalala."

"Anadhani mikono yake imekufa," akasema Namkunda.

"Nini?"

"Hajui kwamba anazuiwa. Anavuta mlango kila siku, anashindwa, anasema mikono imekufa. Juzi amekataa kushika kikombe, anasema atakiangusha. Wiki ijayo atakataa kushika kijiko. Ungeweka kitasa angekijua kuwa ni kitasa. Angekipiga teke, angemtukana aliyekiweka. Hiki hawezi kukitukana, kwa sababu kinamjia kama udhaifu wa mwili wake."

Sifueli aliirudisha miwani usoni. "Ukibomoa," akasema hatimaye, "atakwenda kule."

"Huenda."

"Halafu?"

Swali hilo lilimkera Namkunda kuliko mlango wenyewe. Alikuwa amezoea matatizo yenye upande mmoja uliopinda, ukiunyoosha kazi imekwisha. Hapa kila alipoutia mkono upande mmoja, wa pili ulipinda.

"Nyumba nimeijenga mimi," akasema. "Siwezi kuiacha imdanganye mwenye nyumba ndani yake. Nabomoa miimo kesho. Kama hutaki, sema sasa, nitaondoka, ila usiniite tena fundi wako."

Sifueli alitazama bondeni, kwenye ukungu. Hakusema bomoa, na hakusema usibomoe.

*

Udongo hai ukiubomoa unanuka kama msitu baada ya mvua, na unatoa maji. Namkunda hakuwahi kuipenda kazi hiyo. Aliung'oa ubao kwenye bawaba, wakauegemeza ukutani na Mchome, kisha akaanza kula mwimo wa kushoto kwa patasi, kipande kwa kipande, nyuzi nyeupe zikikatika kama jibini. Sifueli alikuwa ameshuka dukani kutafuta ndoo. Mchome alikuwa nyuma ya nyumba akichanganya udongo mpya.

Mwimo wa kulia ulikuwa mgumu zaidi. Namkunda alilaani kimoyomoyo, akainuka kwenda kuchukua nyundo kubwa. Aliporudi, palipokuwa na mlango palikuwa na ukungu tu, na ndani Bi Nakijwa hakuwamo.

Hakuita. Alikimbia.

Njia ya zamani ilipita kati ya migomba, ikashuka, ikapinda. Alimwona mbele, mgongo mdogo wenye sweta, akitembea kwa haraka ya mtu anayejua aendako. Hakutembea kama mtu aliyekufa mikono. Alikuwa anaipunga. Namkunda alipunguza mwendo. Aliwaza: labda anapajua. Labda miguu yake inapajua mwisho wake, na sisi sote tumemwogopea bure. Alitaka sana iwe hivyo. Alijizuia hatua moja, na nyingine, ampe nafasi.

Bi Nakijwa hakusimama. Alifika mahali ambapo ardhi ilikatika, akainua mguu kukanyaga njia iliyokuwapo kichwani mwake, na Namkunda akajirusha na kuidaka kamba ya kiunoni.

Wakaanguka wote wawili kwenye nyasi zenye umande. Kokoto zilibingirika chini, na ilichukua muda kabla hazijasikika zikigonga.

"Niache," akasema Bi Nakijwa akitweta. "Hawajala." Akaanza kuinuka.

Namkunda akamshika kifundo cha mkono. Akabonyeza mara mbili, akaushikilia.

"Kaa, mama," akasema.

Kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

*

Sifueli aliwakuta njiani wakipanda, wamechafuka matope. Alimtazama mama yake kichwa hadi miguu, akamtazama Namkunda. Namkunda alingojea matusi, alikuwa ameyastahili.

"Alikanyaga hewa," akasema Namkunda. "Ulikuwa na haki ya kuogopa. Nilidhani labda hukuwa nayo."

Sifueli aliketi juu ya jiwe. "Sasa?"

Barazani, Mchome alikuwa tayari amejaza hodhi. "Udongo uko tayari," akasema, "na haungoji mkutano. Ukikauka kabla ya kukandwa umekufa. Nani anaingia?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Bi Nakijwa peke yake hakuwa na nguvu za kukanda miimo miwili. Mtu alipaswa kumsaidia. Namkunda angemsaidia mwenyewe, kama si kwamba tangu asubuhi ile mkono wake ulikuwa umejifunza jambo lilelile alilokuja kubomoa. Alimtazama Mchome.

"Usinitazame mimi," akasema Mchome. "Mimi mlango wangu utamwambia vichekesho."

Namkunda alizunguka hodhi mara kadhaa. Kisha akamgeukia Sifueli. "Vua saa. Ingia wewe. Lakini safari hii mikono yako iwe chini, yake juu. Abonyeze yeye. Nawe ukande anakokwenda."

"Na akiinuka?"

"Inuka naye."

"Na akitoka?"

"Toka naye."

"Na udongo?"

"Nitaunyunyizia maji. Nenda."

Ilikuwa kazi ya kuchosha roho kuliko zote alizowahi kufanya. Bi Nakijwa alikanda kidogo, akainuka. Sifueli akainuka, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko, akafuatana naye kupita migomba hadi ukingoni. Huko, bila kumgusa, alisimama mbele yake, shimo likiwa nyuma ya mgongo wake mwenyewe, wakazungumza. Namkunda aliwaona kwa mbali tu. Waliporudi udongo ulikuwa umeanza kukakamaa pembeni, Namkunda akaunyunyizia, akaukoroga, wakaanza upya. Mama akakanda. Akainuka. Wakaenda tena.

"Hatumalizi leo," akanong'ona Mchome.

"Najua."

"Wala kesho."

"Mchome, niletee maji, nyamaza."

Jua lilipotokeza kidogo na kufifia, walikuwa bado wanakwenda na kurudi. Sifueli alikuwa amechubuka visigino. Safari moja alirudi akilia waziwazi, mama yake akimfuta uso kwa kiganja chenye tope na kumuuliza nani amempiga. Safari nyingine walirudi wakicheka, na hakuna aliyeeleza sababu. Mwishowe, siku ya tatu, mama alikaa na kukanda hadi udongo ukalainika kama unga wa chapati, mikono yake ikipiga juu ya ile ya mwanawe, paa, paa, paa, na akasema kwa mshangao, akivitazama vidole vyake, "Kumbe ina nguvu."

Namkunda aliisimamisha miimo. Hakujua itafanya nini. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikabidhi kitu ambacho hakukijua.

*

Nyuzi za miimo mipya zilipokwisha kushikana na zile za sakafu, alirudi asubuhi moja kukagua. Sifueli alikuwa bado yupo. Alisema ataondoka Jumatatu, na ilikuwa Jumatatu ya pili anasema hivyo. Namkunda hakubisha hodi. Alikaa kwenye ngazi, sweta limempanda shingoni, akangoja.

Akasikia hatua za Bi Nakijwa ndani, zile za haraka. Sakafu ikatoa mlio wake mdogo. Namkunda akakunja ngumi.

Mlango haukufunguka. Aliona siku zote zile za maji na tope zimekwenda bure, akaanza hata kufikiria aanze kubomoa wapi.

Kisha kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti ya Sifueli. "Ah! Ah! Baridi! Sakafu imekuwa barafu, jamani!" Kitu kilianguka. Miguu mitupu ikakimbia huku na huku ikitafuta viatu. "Nakuja, mama! Nakuja!"

Na hapo ndipo miimo ikalegea, kwa sauti kama ya pumzi inayotoka. Bi Nakijwa akauvuta mlango kwa mkono mmoja, kwa wepesi, akatoka na kamba yake kiunoni. Alimsalimia Namkunda kwa kichwa, kama fundi mwenzake, akashuka ngazi. Nyuma yake akatokea Sifueli, kiatu kimoja kimevaliwa, kingine mkononi, miwani imekaa upande.

"Fundi!" akasema akirukaruka kwa mguu mmoja. "Kila siku hivi hivi! Jogoo bado hajawika! Nikiondoka itamwamsha nani?"

"Atakayekuwa amelala humo."

"Na kama hakuna mtu?"

Namkunda alitazama mwimo, akaugusa kwa ncha za vidole. Ulikuwa vuguvugu. "Basi sidhani kama itafungua," akasema polepole.

Sifueli alisimama, kiatu mkononi. Akatazama mgongo mdogo wenye sweta uliokuwa ukiingia kwenye migomba. Akavaa kiatu chake, akamfuata mama yake.

Upepo wa mlimani ukaingia ndani, ukapeperusha pazia, ukazima jiko. Sifueli akageuka akiwa njiani. "Na mlango haufungi, fundi! Joto lote linatoka! Tangu juzi, tukishatoka haufungi!"

Namkunda akaingia, akausukuma kwa kiganja. Akausukuma kwa bega. Ulikuwa umesimama wazi kabisa, na haukuwa na nia ya kusogea.

"Mkirudi," akamjibu, "utafunga."